Kabla ya Kuulaumu Mkono

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu usiku. "Dada, nikopeshe laki nne. Kompyuta imechoka, nataka kadi mpya ya grafiksi." Anacheza gemu za kulenga shabaha, na kwa maelezo yake kila akibonyeza mausi adui keshamuua. Nikamwambia asubiri Jumamosi nije nione mwenyewe. Laki nne si pesa ya kuamuliwa kwenye simu, na mimi tangu niache kucheza nimegeuka msomaji wa historia ya ugonjwa huu: muda unaopita kati ya kidole kubonyeza na kioo kuonyesha.

Historia hiyo ina mwaka wake mkubwa, 1996. Mwezi wa sita kampuni ya id Software ya Texas ilitoa Quake. Ukiicheza kwenye intaneti, kompyuta yako haikuamua kitu. Ulibonyeza kwenda mbele, taarifa ikasafiri hadi kwenye seva, seva ikaamua umefika wapi, jibu likarudi, ndipo ukajiona umesogea. Kwa mtu wa modemu ya simu, safari hiyo ilikula milisekunde 300 na zaidi, karibu theluthi ya sekunde. Yaani unaomba ruhusa ya kila hatua.

Agosti mwaka huohuo John Carmack, mwandishi mkuu wa programu za kampuni hiyo, aliandika hadharani kwamba alikosea toka kwenye msingi: alisanifu mchezo kwa laini za chini ya milisekunde 200, wakati karibu dunia nzima ilikuwa inaingia kwa modemu. Mimi nalipenda ungamo hilo kuliko hata dawa yenyewe, maana angeweza tu kuwaambia watu wanunue laini bora. Desemba ikatoka QuakeWorld. Sasa kompyuta yako haingoji, inakisia: inakusogeza papo hapo, na seva ikija na jibu tofauti inakurekebisha kimyakimya. Ucheleweshaji haukuondoka, ulifichwa tu. Baadaye gemu kama Half-Life zikaongeza lingine: seva inarudisha saa nyuma kuangalia ulikuwa unaona nini ulipofyatua. Ndiyo maana unaweza kujibanza nyuma ya ukuta na bado ukafa. Kwenye kioo cha aliyekupiga, hukuwa umefika ukutani.

Sisi wa huku tulichelewa kuyaonja hayo. Kabla ya nyaya za baharini kufika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali kupanda na kushuka, jibu kupanda na kushuka: nusu sekunde imekwenda, na hakuna fundi wa kubishana na kasi ya mwanga. Tulicheza ndani ya chumba kimoja, kompyuta zimeungwa kwa waya, na ukifa unamtukana aliyekuua uso kwa uso.

Ajabu ni kwamba nyaya zilipokuja, ucheleweshaji ukahamia nyumbani. Mwaka 2012 Carmack huyohuyo alilalamika kwamba anaweza kutuma pakiti ya data Ulaya haraka kuliko kutuma nukta moja kwenye kioo kilicho mbele yake. Watu wakadhani anatia chumvi. Akaeleza alivyopima: kamera ya fremu 240 kwa sekunde, unabonyeza, unahesabu fremu mpaka picha ibadilike. Na mwaka 2017 Dan Luu alipima kompyuta za vizazi mbalimbali, kutoka kitufe hadi herufi kwenye kioo. Apple IIe ya 1983 ikazishinda za kisasa, kwa milisekunde 30 hivi.

Basi Jumamosi nikaenda. Kwa mdogo wangu gemu ilikuwa inatoa fremu 60 kwa sekunde bila kushuka. Kadi iliyozidiwa hukwamakwama, picha zikaruka. Hii ilikuwa laini kama maji, ila ilikuwa nyuma. Na kioo chake kilikuwa televisheni ya sebuleni.

Simu yake inarekodi fremu 240. Tukarekodi kidole na televisheni pamoja, tukahesabu: fremu 31 kutoka mbonyezo hadi risasi, takriban milisekunde 130. Televisheni za namna ile hushikilia picha kidogo ili zilainishe mwendo, kitu kizuri kwa tamthilia. Nikawasha hali ya gemu kwenye menyu yake. Halafu ndani ya gemu nikazima ule mpangilio wa kadi kuisubiri televisheni, unaozuia picha kukatika vipande lakini ukizipanga fremu foleni. Tukarekodi tena. Fremu 15.

Alihesabu mara mbili, hakuniamini. Akacheza raundi tatu bila kuongea, picha zikikatikakatika kidogo pembeni, hilo hakulijali. Mama akaingia kuuliza kama tumemaliza kuchezea televisheni yake, tamthilia inaanza.

Laki nne hajazitaja tena. Juzi ameniomba laki na ishirini ya kioo cha mtumba cha kompyuta, na hiyo nadhani nitampa.