Mjane wa Ndugu



Treni iendayo Tabora hupita Goweko. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, nchi ile ilipitiwa na misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo. Baada ya pori la Mgunda Mkali msafara uliwasili Tura, jina ambalo wasafiri wa karne ya 19 waliambiwa maana yake ni kutua mizigo. Lakini si wote walioondoka ndio waliotua. Ndui, kuhara na njaa viliwaua wapagazi wengi, na kwa kuwa Wanyamwezi wa kijiji kimoja walifuatana, huenda aliyerudi akawa ndugu wa aliyezikwa njiani, naye ndiye aliyepeleka habari kwa mjane.

Mila ilikuwa na jibu lake, huko kama katika sehemu nyingi za bara: mjane arithiwe na ndugu wa marehemu. Tusiidharau, kwani iliwahifadhi mayatima. Ila haikuuliza moyo. Mjane aliweza kugawiwa pamoja na majembe. Na ndugu ambaye kweli alimpenda alijiona mwizi, kana kwamba kifo cha nduguye kimemfaa.

Surat An-Nisaa, aya ya 19, inaharimisha kuwarithi wanawake kwa nguvu. Kumwoa mjane wa ndugu, eda ya miezi minne na siku kumi ikiisha, na kwa ridhaa yake, hakukuharimishwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inampa mjane uhuru wa kukaa bila mume au kuolewa na amtakaye, ijapo mila inasema vingine.

Lakini sheria haiondoi majonzi wala haya ya moyo, na hapo ndipo tunapomkumbuka Asmaa binti Umays. Alihajiri pamoja na mumewe Jaafar bin Abi Talib hadi Uhabeshi, bara yetu hii hii ya Afrika, na huko wakazaa. Mwaka wa 8 wa Hijra (629) Jaafar aliuawa katika vita vya Muuta. Mtume (S.A.W.) alifika nyumbani kwake, akawakumbatia watoto, machozi yakamtoka, kisha akaagiza jamaa ya Jaafar wapikiwe chakula, maana wameshughulishwa na msiba. Hakumhimiza mjane apige moyo konde.

Baadaye Asmaa aliolewa na Seyyidna Abubakar, akamzaa Muhammad. Abubakar alipofariki mwaka wa 13 (634), yeye ndiye aliyemwosha. Kisha akaolewa na Seyyidna Ali, ndugu wa Jaafar. Basi Ali akalea nyumbani mwake watoto wa nduguye, pamoja na mama yao, ambaye hakuwa amemsahau Jaafar hata kidogo.

Imepokewa kuwa siku moja mtoto wa Jaafar na mtoto wa Abubakar walishindana, kila mmoja akidai baba yake ni bora. Ali akamwachia Asmaa ahukumu. Akasema hakuona katika Waarabu kijana bora kuliko Jaafar, wala mtu mzima bora kuliko Abubakar. Ali akamwuliza, basi yeye amebakishiwa nini? Kisha akamwambia kwamba lau angejibu vingine, angemchukia.