Shujaa Wangu Alale Daraja Gani?

Riwaya yangu ya kwanza ilikwama ukurasa wa tisa. Shujaa wangu, msichana wa miaka ishirini, ameshakata tiketi ya meli, kabeba kibegi chake, kapanda ngazi. Hapo kalamu ikagoma. Alale wapi? Mimi nilidhani chumba ni chumba tu, nikampa kimoja kizuri chenye dirisha. Rafiki yangu aliyesoma mswada akaniuliza, "Sasa huyu hela ya dirisha kaitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma historia ya vyumba vya meli, na niliyoyakuta huko si mchezo.

Tuanze na Titanic, iliyong'oa nanga Southampton tarehe 10 Aprili 1912. Abiria wa daraja la tatu alilipa kama pauni 7 au 8. Mama mmoja tajiri wa Marekani, Charlotte Cardeza, alilipa zaidi ya pauni 500 kwa vyumba vyenye baraza yake mwenyewe. Tofauti hiyo ilinunua nini? Utasema kitanda laini na chakula kitamu. Ni kweli, lakini ilinunua pia mahali. Daraja la kwanza walikaa katikati ya meli na juu, ambako mtikisiko ni mdogo na hewa ni nyingi. Daraja la tatu walikaa chini, kwenye ncha mbili za meli: wanaume wasio na familia kule omo, wanawake wasio na waume pamoja na familia kule tezi. Watu zaidi ya 700 waligawana bafu mbili. Tena palikuwa na vizuizi kati yao na wenzao, kwa sababu sheria za uhamiaji za Marekani zilitaka wahamiaji watengwe.

Usiku wa tarehe 14 Aprili meli iligonga mwamba wa barafu. Maboti ya kuokolea yalikuwa na nafasi 1,178, na meli ilibeba watu zaidi ya 2,200. Tena maboti yenyewe yalikuwa sitaha ya juu kabisa, kwenye eneo la daraja la kwanza na la pili. Aliyelala juu alipanda ngazi chache akafika. Aliyelala chini ilimbidi kupita korido na milango ambayo siku zote aliambiwa si yake.

Ripoti ya uchunguzi wa Uingereza inatoa hesabu. Daraja la kwanza walikuwa 325, wakaokoka 203. Daraja la tatu walikuwa 706, wakaokoka 178. Wanawake wa daraja la kwanza 144, wakaokoka 140. Wa daraja la tatu 165, wakaokoka 76. Ripoti hiyohiyo ikasema daraja la tatu hawakubaguliwa. Lakini sikiliza hili: katika uchunguzi ule hakuitwa hata abiria mmoja wa daraja la tatu kutoa ushahidi. Walisemewa na watu wengine.

Kumbe upande mwingine Wajerumani walikuwa wameshaanza biashara tofauti. Mwaka 1891 Albert Ballin wa Hamburg alipeleka meli Augusta Victoria bahari ya Mediterania, watu watembee tu na kurudi. Mwaka 1900 ikazinduliwa Prinzessin Victoria Luise, iliyoundwa kwa ajili ya starehe hiyo, na vyumba vyake vyote vilikuwa vya daraja la kwanza. Maskini hakuwekewa hata kona. Halafu Marekani ikabana wahamiaji kwa sheria za 1921 na 1924, vitanda vya chini vikabaki vitupu. Makampuni yakapiga rangi, yakabadilisha jina, yakawauzia walimu na wanafunzi kama daraja la tatu la watalii. Chumba kilekile, jina jipya! Mwaka 1958 ndege za jeti zikaanza kuvuka Atlantiki na abiria, na meli nyingi zikageukia matembezi.

Siku hizi kwenye meli hizo husikii sana neno daraja. Wanauza aina za vyumba: cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, chenye baraza, na juu ya vyote vyumba vya kifahari vyenye sebule. Lakini somo ni lilelile, tazama ramani kabla ya kutazama bei. Chumba cha chini katikati hakiyumbi sana hata kama ni cha bei nafuu. Cha juu kule omo kinaweza kuwa ghali na bado kikakutapisha. Ukilipia aina tu bila namba, kampuni ndiyo itakayokuchagulia pa kulala. Jambo moja limebadilika kweli: mkataba wa kimataifa wa 1914, uliozaliwa na msiba ule, ulidai nafasi ya kuokolea kwa kila mtu, hata awe amelala wapi.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Halafu nikakumbuka kwetu. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha ya majina. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, na wako ndugu zetu ambao hakuna karatasi inayoonyesha kwamba walipanda.

Basi nimeurudia ukurasa wa tisa. Nimelifuta lile dirisha. Shujaa wangu amelala chini, daraja la tatu, kichwa juu ya kibegi, na pembeni yake yupo mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye tenga la kuku. Wote watatu nimewapa majina kamili, la baba na la babu. Itachukua kurasa nyingi, na najua mhariri atalalamika. Shauri yake.