Paka wa Kabuta na Salamu Isiyotambuliwa

Katika makala haya tunaomba radhi kuanza na paka. Tulikuwa Kabuta, wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Wenyeji wa huko huzungumza Kibemba, nasi tulikwenda kusikiliza Kiswahili kinachovuka maji pamoja na wafanyabiashara wa samaki kutoka Kilwa na Pweto, upande wa Kongo. Asubuhi hiyo akina mama walikuwa wakianika chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa ambao huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Paka mmoja akatujia, mkia umesimama wima, akajisugua shavu na ubavu miguuni mwa mwenzetu mmoja, kisha akaenda zake.

Mwanafunzi tuliyefuatana naye akasema kwamba paka huyo alikuwa na njaa, akiomba samaki. Mama aliyetukaribisha akakataa. Kama angetaka samaki, alisema, angekwenda kwenye samaki, maana wametandazwa pale pale na yeye anawajua. Huyu anasalimia wageni.

Tulicheka, mjadala ukaishia hapo. Lakini tuliporejea na kufuatilia suala hili vitabuni, tuligundua kwamba hoja hiyo hiyo iliwahi kuwapita wataalamu wa saikolojia kwa zaidi ya miaka 30. Tena waliokosea ni maprofesa.

Tuanze na asili ya mnyama mwenyewe. Paka wa nyumbani ni mzawa wa paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, ndugu wa yule tunayemwita kimburu. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2007 ulilithibitisha jambo hilo. Miaka 3 kabla yake, mwaka 2004, ilitangazwa habari ya kaburi la kale kisiwani Cyprus, la miaka ipatayo 9,500 iliyopita, ambamo mtu alizikwa na paka karibu yake. Inaelekea kwamba nafaka ilipoanza kuwekwa ghalani panya walifuata, na paka akawafuata panya. Hakukamatwa akafungwa kama ng'ombe. Alikuja mwenyewe, akatuzoea.

Majina yake pia yana safari zao. Sisi husema paka. Wachewa husema mphaka. Waganda husema kkapa. Kabuta jina lake ni pushi, ambalo masikio yetu yalilisikia kuwa karibu sana na jina ambalo Waingereza humwitia paka wao. Kwa upande wa sarufi, ijapokuwa neno paka halibadiliki katika umoja na wingi, tunasema paka amekuja, paka wamekuja, kama tusemavyo mtu amekuja, watu wamekuja. Sarufi yetu, basi, ilikwisha kumweka pamoja nasi.

Sayansi ilichelewa kumpa nafasi hiyo. Mwaka 1898 Edward Thorndike, wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, alichapisha matokeo ya majaribio yake mashuhuri. Alimfungia paka mwenye njaa ndani ya kisanduku cha mbao, akaweka chakula nje. Paka alihangaika mpaka akagusa kamba au kitasa kwa bahati, mlango ukafunguka. Kila aliporudishwa alitoka upesi zaidi. Thorndike alihitimisha kwamba paka hafikiri, bali hujifunza kwa kujaribu na kukosea. Somo hilo liliingia katika vitabu vya ualimu duniani kote, na bila shaka wengi wetu tulilisoma.

Swali la jinsi paka anavyowaona wanyama wengine lilishughulikiwa mwaka 1930 na mtaalamu wa Kichina, Zing-Yang Kuo. Watu waliamini kwamba paka huzaliwa akiwa adui wa panya. Kuo aliwalea paka wachanga katika makundi matatu. Kati ya 21 waliolelewa na mama aliyewaua panya mbele yao, 18 wakawa wauaji. Kati ya 20 waliolelewa peke yao, waliokuwa wauaji ni 9. Kati ya 18 waliolelewa pamoja na panya, ni 3 tu waliowahi kuua panya. Kwa hiyo panya si lazima awe windo machoni pa paka. Anaweza kuwa mwenzake wa nyumbani. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba wiki za mwanzo, takriban ya 2 hadi ya 7, ndizo zenye uzito zaidi. Paka aliyeshikwa na watu katika kipindi hicho huwaona watu kuwa jamaa. Aliyekosa huwaona kuwa hatari.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1946 Edwin Guthrie na George Horton, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, walichapisha kitabu kuhusu paka waliofungiwa katika kisanduku chenye kioo mbele na mti mwembamba uliosimama ndani. Paka alipousukuma mti huo, mlango ulifunguka na wakati huo huo kamera ikapiga picha. Wataalamu hao walishuhudia takriban mara 800 paka wakitoka. Walistaajabu kuona paka wakijisugua kwenye mti kwa namna ile ile, mara baada ya mara. Wakaeleza kwamba kila paka alinasa kitendo alichokifanya mara ya kwanza alipofanikiwa, akawa anakikariri bila kuelewa.

Maelezo hayo yalikubaliwa hadi mwaka 1979. Mwaka huo Bruce Moore na Susan Stuttard, wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, walirudia jambo lile kwa namna nyepesi sana. Waliweka paka katika kisanduku chenye mti, lakini hawakuweka chakula, wala mti haukufungua mlango wowote. Paka wakajisugua vile vile, almuradi palikuwa na mtu wanayemwona. Mtu alipoondoka, hawakujisugua.

Maana yake ni nini? Paka anapokutana na paka mwenzake aliye rafiki, huinua mkia na kujisugua kwake. Ndivyo afanyavyo kwa binadamu pia, na akitengwa naye kwa kioo hujisugua kwenye kitu kilicho karibu. Wale paka wa Seattle walikuwa wakiwasalimu maprofesa. Maprofesa walikuwa wameketi pale mbele ya kioo, wakaandika kila kitu isipokuwa kwamba wao wenyewe walikuwapo.

Tafiti za karibuni zinaelekea upande huo huo. Paka wazima hawaliliani nyau sana wao kwa wao. Mlio huo ni wa mtoto kwa mama, na wakubwa huutumia zaidi kwetu. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba paka huitambua sauti ya mwenye nyumba, na mwaka 2019 kwamba hulitofautisha jina lake na maneno mengine. Katika jaribio la mwaka 2013 paka wengi walitega sikio au kugeuza kichwa, lakini hawakuondoka walipokuwa. Kusikia walisikia.

Tumeyaandika haya katika jarida la walimu wa lugha kwa sababu tuna deni. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtihani wa mazungumzo, aliingia mwanafunzi aliyelelewa pwani ya ziwa. Tulikuwa watahini watatu. Alimsalimu wa kwanza, akamwuliza hali na habari za nyumbani. Akamgeukia wa pili, kisha wa tatu, kwa maneno yale yale. Dakika zikapita. Katika fomu tuliandika kwamba anakariri na anapoteza muda, tukamkata alama. Hakuna kati yetu aliyejiuliza maneno yale yalikuwa yanaelekezwa kwa nani.

Alama zile hatuwezi kuzirudisha. Lakini tunawaomba walimu wenzetu, na ninyi wanafunzi mtakaokuwa walimu kesho, kwamba kabla ya kuandika neno "anakariri", tujiangalie kwanza tulipokaa. Yule mama wa Kabuta hakuhitaji kisanduku. Alitazama paka, akatazama na wageni waliosimama mbele yake, akaelewa.