Kisima cha Gede: Kilikauka au Kiliingia Chumvi?

Vitabu vya historia ya pwani ya Kenya vinapofika Gede hutaja sababu kadha wa kadha za mji ule kuwa mahame katika karne ya 17: uvamizi wa Wazimba mwaka 1589, Waoromo waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini, kudhoofika kwa jirani yake Malindi baada ya mtawala wake kuhamia Mombasa chini ya Wareno, na maji. Hiyo ya mwisho aghalabu hupewa mstari mmoja tu. James Kirkman, aliyeanza kuyafukua magofu hayo mwaka 1948, aligundua kwamba kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu kilikuwa kimeongezwa kina, akalichukulia jambo hilo kuwa dalili ya maji ya ardhini kushuka. Ushahidi huo ni mzuri. Ninachokitilia shaka ni tafsiri iliyozoeleka, kwamba maji yaliisha. Katika mwamba wa aina ile, maji huharibika kabla ya kuisha.

Gede imejengwa juu ya matumbawe ya kale, yapata kilomita 6 kutoka baharini, na hori la Mida liko karibu zaidi. Mvua hupenya udongo ikaingia katika matundu ya mwamba, na maji yake matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini kwa chini. Mholanzi Badon Ghyben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, walitoa kanuni inayotumika hadi leo: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huhimili takriban mita 40 chini yake. Maana yake, maji kisimani yakishuka nusu mita tu, hatimaye chumvi hupanda mita 20. Na chumvi haihitaji kuwa nyingi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 19,000 za kloridi, ilhali ulimi huanza kulalamika kwenye miligramu 250 hivi. Sehemu moja na kidogo ya bahari katika mia yatosha kuharibu kisima. Aliyeongeza kina cha kisima cha msikiti alikuwa akiyafuata maji na kuisogelea chumvi kwa wakati mmoja. Tena, maji hayo mawili yakichanganyika yanaweza kuuyeyusha mwamba wa chokaa hata kama kila moja peke yake lisingeweza, yakapanua njia ambazo chumvi itapitia baadaye. Ndiyo maana baadhi ya wanaotengeneza modeli za maji ya pwani siku hizi hukokotoa mwendo wa maji na kemia yake kwa pamoja.

Yupo atakayesema kanuni ile ni ya jumla mno, kwani huchukulia kwamba maji yametulia na mpaka wake ni mkali kama wembe, wakati mwamba halisi una mapango na bahari hupwa na kujaa. Ni kweli. Lakini kasoro hiyo hainipunguzii hoja: badala ya mpaka mkali huwapo ukanda wa maji ya magadi, na ukanda huo hukifikia kisima mapema zaidi. Pingamizi zito ni jingine: je, ndoo na kamba zingeweza kuuchosha mwamba mzima? Hebu tukadirie. Mji hukadiriwa kuwa na watu 2,500. Tukimpa kila mmoja lita 20 kwa siku, tunapata mita za ujazo 50. Eneo lake ni kama hekta 18, na tukichukulia kwamba milimita 100 za mvua ya mwaka huzama hadi kwenye maji, mgao wa siku ni mita za ujazo 49. Hesabu inakaribia kulingana, na bado hatujagusa mvua inayozama nje ya kuta. Kwa hiyo sidhani wenyeji walijimalizia maji yao. Kilichopungua lazima kiwe ni kile kinachoingia: ama mvua, ama, kama ilivyowahi kupendekezwa, mto Sabaki kuhama njia yake.

Vita navyo? Mombasa ilitekwa na Wareno mwaka 1505, 1528 na 1589, na kila mara watu walirudi. Ilikuwa na bandari, nakubali, na Gede haikuwa nayo. Hata hivyo, mji uliochomwa hujengwa upya. Mji wenye visima vya chumvi, wa kuurudia ni nani? Magofu ya Gede yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, na visima vyake vingali pale. Watafiti wavipime chumvi katika kina mbalimbali, wakati wa masika na wakati wa kiangazi, kabla ya kuandika tena kwamba vilikauka. Na mto ule ule bado una uzito wake: Malindi yenyewe leo hunywa maji yanayovutwa kwa pampu kutoka Baricho, kwenye mchanga wa bonde la Sabaki.