Njia ya Mutwanga kwenda Ruwenzori

Mtu akitoka Beni kwenda kupanda Ruwenzori, anashika barabara ya Kasindi, anapita msitu, anavuka mto Semuliki, kisha anaacha barabara kubwa na kuingia Mutwanga. Hapo ndipo mlima unaanzia. Motokari inabaki, miguu inaendelea.

Njia hii tumeirithi kwa wazee wetu Wanande. Theluji ya juu waliiita nzururu. Vitabu vinasifu wazungu: mwaka 1889 Luteni Stairs, mtu wa Stanley, alipandia upande huu wa Semuliki, akapita mita 3.000, akarudi. Mwaka 1932 Wabelgiji wa Xavier de Grunne walifika mpaka kwenye barafu. Lakini hema, kuni na chakula havikupanda vyenyewe. Viko wapagazi nyuma ya kila safari, nao ni nani anawataja?

Wapagazi ndio wanaojua njia: Kalonge, mita 2.100 hivi, Mahangu, mita 3.300 hivi, Kiondo, zaidi ya mita 4.000. Wanajua pa kuchota maji, na siku gani ukungu unamwambia mtu arudi.

Tangu mauaji ya Beni ya mwaka 2014, watu wameogopa barabara hiyo, na vijana wengi hawakupata kujifunza kazi ya mlima. Basi tunawaomba: kama nyumbani kwenu iko mzee aliyebeba mizigo, mumuulize leo, muandike. Mzee akienda, njia nayo inafunikwa na majani.