Mbwa wa Wodi

Kwetu Kenya mbwa anajulikana kwa kibao cha getini: Mbwa Mkali. Kazi yake ni kufukuza watu. Ndiyo maana nilishangaa kusoma kwamba mwaka 1860 gazeti la Illustrated London News liliingia Bethlem, hospitali ya wagonjwa wa akili ya London, likakuta wodini ndege, paka, hata mbwa wembamba wa mbio. Wagonjwa wengine walizunguka ukumbini kutwa wakisimulia shida zao kwa yeyote mwenye kusikiliza. Asipopatikana mtu, waliwasimulia mbwa na paka.

Na Bethlem ni ileile ambayo karne moja nyuma watu wa mjini waliingia kutazama wagonjwa, vile sisi tunaenda kutazama simba. Mchezo huo ulikomeshwa 1770. Bado, mwaka 1814 alikutwa humo James Norris, amefungwa vyuma kwa miaka. Yaani mnyama alikuwa mgonjwa mwenyewe.

Kabla ya hapo, kule York, mjane aitwaye Hannah Mills alikuwa amefariki hospitalini mwaka 1790, wenzake wa dhehebu wakiwa wamezuiwa kumwona. Alikuwa Quaker, dhehebu ambalo watu wa Kaimosi wanalijua kama Friends. William Tuke na wenzake wakaanzisha nyumba yao, The Retreat, iliyofunguliwa 1796. Uani walifuga sungura, kuku, mwewe, hata ndege wa baharini. Mjukuu wake, Samuel Tuke, aliandika 1813 kwamba wanyama hao waliamsha wema kwa wagonjwa. Mimi hapo naguna kidogo. Wema wa mgonjwa ulikuwa umelala wapi, ama ni yeye alikuwa amenyimwa wa kumtendea?

Nina binamu aliyelazwa miezi kadhaa. Anasema kilichomchosha si dawa, ni kueleza mambo yaleyale kwa kila daktari mpya, kalamu ikiandika tu. Nikamwambia habari za mbwa wa Bethlem. Mbwa hashiki faili, nikasema. Akacheka, akaniuliza: mbwa wa watu thelathini atalala mlangoni pa nani? Nani atamlisha, na anayemwogopa je? Yeye mwenyewe anaogopa mbwa sana. Lakini ugomvi huo angeutaka, akasema, kwa sababu wodini hakukuwa na kitu hata kimoja walichoachiwa wagonjwa wakiamue.