Baada ya Mtihani: Tunachojifunza kutoka Historia ya Kiswahili Kigwena

Wanafunzi wetu wengi hufaulu mtihani wa Kiswahili, lakini miezi michache baadaye hushindwa kueleza yale waliyoyaandika wenyewe. Katika makala hii tunalitazama suala hilo kupitia historia ya Kigwena, tarafa ya Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi.

Kiswahili kilienea mwambao huu katika karne ya 19 kupitia wafanyabiashara waliotoka pwani, ambao kituo chao kikuu ziwani kilikuwa Ujiji. Wajerumani nao walikitumia katika utawala wao hadi mwaka 1916. Walipoingia Wabelgiji, shule zilielemea Kirundi na Kifaransa. Kwa miongo mingi, Kiswahili cha Rumonge hakikuwa na mtihani wala cheti. Hata hivyo hakikupotea. Kiliendelea sokoni, misikitini, na miongoni mwa wavuvi na wauza ndagala, kwa kuwa kila siku palikuwa na haja ya kukisema.

Mwaka 1972 mauaji yaliwalazimisha watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac kukimbilia Tanzania. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliporejea, hususan kuanzia mwaka 2008, vijana wengi walikuta shule zinazofundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Waliyoyasoma kwa lugha moja yakadaiwa kwa lugha nyingine. Hapa yatupasa kutofautisha asiyejua na anayejua lakini hajapewa njia ya kukumbuka.

Tofauti hiyo ina ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba sehemu kubwa husahaulika ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Aidha, alichodhani kimepotea alikijifunza upya kwa muda mfupi kuliko mwanzo. Naye Harry Bahrick wa Marekani alionyesha mwaka 1984 kwamba waliosoma Kihispania shuleni walisahau zaidi katika miaka michache ya mwanzo, na kilichobaki kikadumu kwa miongo. Waliokisoma kwa muda mrefu zaidi ndio waliobakiwa na mengi.

Burundi iliingiza Kiswahili katika shule za msingi katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2007 ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Somo sasa lina mtihani. Hatari ni kwamba mtihani uwe ndio mwisho wake.

Hivyo basi, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu aanze muhula kwa maswali ya muhula uliopita, madaftari yakiwa yamefungwa. Pili, marudio yatawanywe kwa wiki kadhaa badala ya kurundikwa usiku mmoja. Tatu, mwanafunzi apewe kazi ya kuzungumza na watu nje ya darasa. Wauza ndagala wa Rumonge hawakuwahi kutahiniwa, na lugha wanayo hadi leo.